Mbwa wa Ulinzi Mwenye Tumbo la Shida: Mpikie Chakula Kisicho na Nafaka

Leo tunawaacha kuku kidogo tuzungumze habari za mbwa. Najua kuna atakayesema bwana mifugo leo kakosa mada. Subiri kwanza, soma mpaka mwisho, halafu nenda kaangalie bakuli la mbwa wako.

Siku moja, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu yangu iliita. Ni kijana mmoja wa kata ninayoihudumia huku Pwani, mfugaji wa kuku wa mayai. Alianza na kuku 100, sasa hivi ana zaidi ya 600. Hata salamu hakutoa.

"Bwana mifugo, wameingia."

Wezi walikata wavu upande wa nyuma, wakabeba kuku kwenye viroba. Kuku waliokuwa ndiyo kwanza wamefikia kilele cha kutaga. Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: mbwa je?

"Bosi amelala tu kaka. Hakubweka."

Pale shambani palikuwa na mbwa wawili, Chui na Bosi. Chui alikufa wiki moja kabla. Kijana aliamini wezi wamemtegea sumu. Bosi alibaki, lakini alikuwa anaharisha, anapona, anaharisha tena, karibu mwezi mzima. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Mbwa wa namna hiyo usiku hana nguvu ya kukimbiza hata paka.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Wiki kadhaa nyuma nilipita pale kukagua stoo. Kulikuwa na magunia mawili ya mahindi yaliyolowa kwa mvua, yana ukungu wa kijani. Nikamwambia wazi: "Haya usiwape kuku, utakuja kulia." Akaniuliza ayapeleke wapi. Nikamjibu kama tunavyojibu wote: "Saga, wape mbwa."

Nilisema mimi, mwenye stashahada, mwenye kofia ya ofisi. Asubuhi ile ya wizi nilifika na daktari wa mifugo wa wilaya. Akamfunua Bosi mdomo, akaangalia fizi na weupe wa macho. Vilikuwa na rangi ya manjano. Akauliza swali moja tu: "Hawa mbwa wanakula nini?" Kijana akaniangalia mimi. Nami nikaangalia chini.

Hatukupeleka sampuli maabara, kwa hiyo sitaapa kwamba ni sumukuvu iliyomuua Chui. Lakini daktari alimtibu Bosi kama mbwa aliyelishwa mahindi yenye sumukuvu, na amri yake ya kwanza ilikuwa: kuanzia leo, hakuna ugali wala uji wa pumba kwa mbwa huyu. Mpikieni kitu kingine. Hicho "kitu kingine" ndicho tunachojifunza leo.

Kwanza tuelewane kuhusu nafaka

Nafaka yenyewe siyo adui wa mbwa. Wapo watu wanaosema mbwa ni mnyama wa porini, hawezi kusaga wanga. Sio kweli. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa, katika maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu, wamebeba nakala nyingi zaidi za jini inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kuliko mbwa mwitu wa jamii ya wolf walikotokea. Ndiyo maana mbwa wengi wa kwetu wamekula ugali vizazi na vizazi na wako imara.

Basi kwa nini umtoe mbwa kwenye nafaka? Kuna sababu tatu za maana.

Ya kwanza ni sumukuvu. Tunachompa mbwa mara nyingi sio nafaka tunayokula sisi. Ni ile iliyokataliwa: mahindi yaliyooza, pumba za kinuni, chenga za chini ya gunia. Fangasi wanaotoa sumukuvu hushambulia sana sehemu ya nje ya punje na kiini chake, kwa hiyo sumu nyingi hubaki kwenye pumba. Na sumu hii haiishi kwa kupika. Chemsha saa tatu, bado ipo. Viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na binadamu ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, na ile aina kali ya B1 isizidi 5. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwishoni mwa mwaka huohuo unaoitwa wa korona, 2020, huko Marekani chakula cha mbwa cha viwandani chenye mahindi kiliua mbwa zaidi ya 70. Kama kiwanda chenye vipimo kimepitiwa, wewe na mimi tunaopima kwa macho tuwe waangalifu.

Ya pili, wapo mbwa wachache ambao nafaka fulani, hasa ngano, inawasumbua kweli. Wanaharisha, wanajikuna, masikio yananuka.

Ya tatu ni uchumi wa shamba. Kwenye mashamba mengi ya Pwani, Morogoro na Tanga kuna viazi vitamu vidogo, mihogo, maboga na mayai yaliyopasuka ambavyo havina soko. Hicho ni chakula kinachokaa bure.

Kabla hujabadilisha chakula, kagua haya

Usikimbilie sufuria. Mbwa kuharisha ni dalili, na dalili ina wenyewe wengi. Kaa chini ujibu maswali haya:

1. Mara ya mwisho amepewa dawa ya minyoo lini? Kwa mbwa mkubwa, kila miezi mitatu ni utaratibu mzuri.
2. Amechanjwa? Mbwa mdogo asiye na chanjo ya parvo akiharisha damu, hiyo ni mbio kwa daktari, sio jikoni. Na chanjo ya kichaa cha mbwa usiikose, hiyo inakulinda na wewe.
3. Ana kupe? Kupe wanaleta magonjwa yanayofanya mbwa akonde na kukosa hamu ya kula.
4. Anakula nini usipokuwepo? Mizoga, takataka za machinjio, chakula cha kuku?

Hilo la chakula cha kuku nalisema kwa mkazo. Kuna wafugaji wanamchotea mbwa chakula cha kuku kwa sababu kipo karibu. Baadhi ya vyakula vya kuku huwekwa dawa za kuzuia koksidia, na baadhi ya dawa hizo ni hatari kwa mbwa. Chakula cha kuku wa mayai nacho kina chokaa nyingi mno kwa mbwa. Acha.

Ukiona fizi za manjano, damu kwenye kinyesi, kinyesi cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, tumbo kujaa maji, au mbwa amekataa hata maji ya kunywa, mwite daktari siku hiyohiyo. Chakula hakitibu ini lililoharibika. Kwa Bosi tulifuata dawa kwanza, chakula kikafuata kwa maelekezo ya daktari.

Vitu unavyohitaji

Tuchukue mbwa mmoja mkubwa wa kilo 20, huo ndio uzito wa kawaida wa mbwa wetu wa ulinzi aliyeshiba. Tunapika chakula cha siku tano. Uzito wote ni kabla ya kupika.

- Nyama isiyo na mafuta mengi: kilo 2. Chagua aina moja tu mwanzoni. Inaweza kuwa moyo wa ng'ombe, nyama ya kichwa, nyama ya mbuzi, kuku asiye na mifupa, au samaki aliyetolewa miba.
- Maini: gramu 150. Usizidishe. Maini yana vitamini A nyingi na ikizidi kwa muda mrefu inamdhuru mbwa.
- Viazi vitamu: kilo 2 na nusu.
- Boga, karoti au matembele: nusu kilo.
- Mafuta ya alizeti: vijiko vya chakula 5. Kwa mbwa anayeharisha, wiki ya kwanza weka kimoja tu, halafu ongeza taratibu.
- Unga wa maganda ya mayai: vijiko vya chai 4.
- Chumvi yenye madini joto: nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima.

Mapafu unaweza kuchanganya kidogo kwa sababu ni rahisi kupatikana buchani, lakini usiyafanye ndiyo nyama yote. Ukiyapima yanaonekana mengi, ila nguvu yake ni ndogo.

Mayai yaliyopasuka leo, yakiwa masafi, ni dhahabu. Yachemshe. Mayai manne au matano yanaweza kuchukua nafasi ya robo kilo ya nyama. Yai lililokaa siku nyingi na ufa, tupa.

Unga wa maganda ya mayai

Hapa wengi ndipo wanapoteleza. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mbwa akila nyama na viazi tu miezi na miezi, mwili unachukua kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inakuwa laini, meno yanalegea. Ukiwa na banda la kuku wa mayai huna sababu ya kukosa kalsiamu.

Osha maganda, chemsha dakika 10, yakaushe juani mpaka yavunjike kwa kidole. Saga au twanga, chekecha mpaka uwe laini kama sembe. Vipande vikubwa vinakwaruza utumbo, na mwenye tumbo dhaifu hahitaji hilo. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Dozi yetu ni chini kidogo ya kijiko cha chai kwa siku kwa mbwa wa kilo 20.

Namna ya kupika

1. Osha viazi vizuri, kata vipande. Kiazi chenye fukusi, kilichogeuka cheusi na kichungu, tupa mbali. Kiazi kilichooza kinatengeneza sumu yake ambayo kupika hakuiondoi.
2. Katakata nyama na maini vipande vidogo, weka kwenye sufuria na maji yanayofunika nyama kidogo. Chemsha mpaka iive kabisa ndani.
3. Weka viazi na boga. Vikikaribia kuiva ndipo uweke matembele.
4. Ponda kwa mwiko mpaka upate rojo zito kama futari iliyovurugika. Mbwa wengine ni wajanja, ukiacha vipande wanachagua nyama na kuacha viazi.
5. Epua, acha ipoe mpaka uvuguvugu. Sasa ndipo changanya mafuta, unga wa maganda na chumvi. Koroga hasa, chini mpaka juu.

Usiweke kitunguu maji, kitunguu saumu wala viungo vya pilau. Vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mabaki ya mchuzi wa jana yenye kitunguu nayo ni yaleyale.

Amle kiasi gani?

Mbwa wa kilo 20 anahitaji takribani kilo moja ya chakula hiki kwa siku, ukigawa mara mbili. Asubuhi kidogo, jioni zaidi lakini sio usiku wa manane, maana mbwa aliyejaza tumbo saa nne usiku analala fofofo. Mbwa wa kilo 10 hapewi nusu kamili, mpe kama gramu 600, kwa sababu mnyama mdogo anatumia nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake.

Hizo ni namba za kuanzia. Mwamuzi ni mbavu. Pitisha kiganja ubavuni: unatakiwa uzisikie mbavu chini ya ngozi bila kuzihesabu kwa macho. Zikionekana kwa mbali, ongeza. Usipozisikia kabisa, punguza. Mpime kila baada ya wiki mbili. Panda wewe kwenye mizani umembeba, halafu panda bila mbwa, toa.

Badilisha taratibu

Kosa kubwa la pili: leo ugali, kesho viazi vitupu. Tumbo dhaifu halipendi mshtuko. Siku tatu za kwanza weka robo ya chakula kipya. Siku tatu zinazofuata nusu kwa nusu. Siku tatu nyingine robo tatu. Siku ya kumi chakula kipya chote.

Isipokuwa pale unaposhuku mahindi yenye ukungu. Hapo hakuna taratibu. Toa yote siku hiyohiyo, mpe viazi na yai au samaki wa kuchemsha kidogo kidogo mara nne kwa siku, na daktari awe ameshamwona.

Andika kwenye daftari. Najua vijana mnaweka rekodi za mayai vizuri, basi ongeza ukurasa wa mbwa: alichokula, kinyesi kilivyokuwa, ametapika au la. Bila daftari utasema "naona kama ana nafuu", na "naona kama" haijawahi kumsaidia mtu.

Kama hana nafuu, tatizo huenda ni nyama

Dada mmoja mwenye mradi wa kuku wa nyama alikuja kwangu baada ya kusikia habari za Bosi. Mbwa wake alikuwa anaharisha na kujikuna mwaka mzima. Akaacha ugali kabisa, akapika viazi na moyo wa ng'ombe wiki sita. Hakuna kilichobadilika. Akaniambia, "Kaka, viazi vyako havifanyi kazi."

Tukaangalia daftari lake. Kwa miaka miwili mbwa yule alikula nyama ya ng'ombe tu, maana shemeji yake ana bucha. Kumbe katika tafiti za mbwa wenye mzio wa chakula, nyama ya ng'ombe ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na maziwa, kisha kuku. Ngano ipo, lakini nyuma ya hao. Tukaondoa ng'ombe, tukaweka samaki, viazi tukaviacha vilevile. Wiki ya tatu kinyesi kikashika. Kujikuna kulichukua kama miezi miwili.

Ndiyo maana nasema nyama iwe aina moja. Ukichanganya ng'ombe, kuku na dagaa kwenye sufuria moja, hutajua nani mchawi. Jaribio la kweli linataka wiki nane za nyama moja na wanga wa aina moja, bila mtu kumtupia mbwa kipande cha chapati kwa kumwonea huruma. Watoto wa nyumbani nao waambiwe.

Kubadilisha wanga na nyama

Muhogo unafaa, lakini tumia ule mtamu tu. Menya, katakata, chemsha kwa maji mengi bila kufunika sufuria, mwaga yale maji. Muhogo mchungu usimpe kabisa. Na makopa yaliyoota ukungu ni yaleyale ya mahindi. Sikiliza vizuri: kuondoa nafaka sio kuondoa sumukuvu. Makopa, karanga na mashudu vyote vinaweza kuwa nayo. Chenye ukungu hakiliwi na mbwa, basi.

Ndizi mbichi za kupika zinafaa. Viazi mviringo pia, menya na utupe vyenye rangi ya kijani.

Dagaa ni wazuri, ila wale wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku wana mchanga na vipande vya makonokono. Loweka, wasugue kwenye maji mara tatu nne, ndipo upike. Na kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yao, ukiwatumia kama nusu ya nyama, punguza unga wa maganda kwa nusu.

Maharage, choroko na kunde usivifanye nguzo ya chakula. Kwanza vinaleta gesi kwa mwenye tumbo bovu. Pili, mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuchunguza ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa waliokuwa wanakula vyakula vya viwandani visivyo na nafaka, vingi vikiwa vimejazwa njegere na dengu badala yake. Mpaka leo haijathibitishwa kwamba chakula ndicho chanzo, lakini kwa nini uhatarishe? Tumia mizizi kwa wanga na nyama kwa protini. Moyo na samaki vina taurini nyingi, inayosaidia moyo wa mbwa.

Mambo ya kukwepa shambani

- Mzoga wa kuku. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa au aliye kwenye dawa azikwe au achomwe. Ukimpa mbwa, anatembeza vimelea banda hadi banda. Tena unamfundisha kwamba kuku ni chakula chake. Siku moja utamkuta bandani na usimlaumu.
- Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inakatika ncha kali kama sindano.
- Utumbo na maini mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe. Humo kuna malengelenge ya minyoo ambayo yakipita kwa mbwa yanarudi kwa binadamu kama uvimbe kwenye ini na mapafu. Pika.
- Chokoleti, zabibu na pombe ya kienyeji, pamoja na machicha yake.
- Maziwa mengi. Mbwa wengi wakubwa yanawaharisha.

Kuhifadhi

Ukiwa na friji, chakula hiki kinakaa siku tatu. Cha siku mbili zilizobaki kigandishe kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja. Kama huna friji, na joto letu la Pwani mnalijua, usipike cha siku tano. Gawa vipimo vyote kwa tano, pika jioni, mpe jioni hiyo, cha asubuhi kiache kimefunikwa na ukichemshe tena kabla ya kumpa. Kikinusa uchachu, mwaga. Bakuli lioshwe kila baada ya mlo, na maji safi yawepo muda wote.

Gharama

Sitakuandikia bei, maana ya soko la Mlandizi sio ya Kilosa. Chukua kalamu. Mbwa mmoja anatumia gramu 400 za nyama kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi, na viazi kilo 15. Zidisha kwa bei za kwenu. Kisha toa mayai yaliyopasuka na viazi visivyouzika ulivyo navyo. Jumla unayopata, iweke kando ya thamani ya kuku watano wanaotaga. Yule kijana alipofanya hesabu hii alinyamaza muda, halafu akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nabana matumizi ili niwalishe wezi." Chakula cha mlinzi ni gharama ya uzalishaji. Kiandike kwenye mpango wako wa biashara, pamoja na chanjo na dawa ya minyoo.

Angalizo la mwisho

Chakula hiki ni cha mbwa mkubwa. Watoto wa mbwa na majike wenye mimba au wanaonyonyesha wana mahitaji makubwa zaidi, usiwape kipimo hiki. Pia usijidanganye kwamba chakula cha nyumbani kinakamilika chenyewe. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikagua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, wakakuta asilimia 95 yanapungukiwa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Haya yangu nayo yanaweza kupungukiwa zinki, vitamini D na vitamini E. Kwa wiki nane za kutuliza tumbo hakuna shida. Ukitaka kuendelea mwaka mzima, zungumza na daktari wa mifugo akuongezee mchanganyiko wa vitamini na madini wa mbwa. Sio ule wa kuku.

Bosi je? Fizi zilirudi rangi ndani ya wiki kadhaa. Mwezi wa tatu tulijaribu kumrudishia ugali wa sembe safi, kidogo tu, ili tujue. Siku ya tatu kinyesi kikalegea, tukarudi kwenye viazi. Mbwa mwingine angekula sembe ileile akacheka. Huyu tumbo lake limeshachoka, ndivyo alivyo. Sasa ana kilo 22, na wiki iliyopita nilipofika pale bila kupiga honi alinisimamisha getini mpaka mwenyewe alipotoka.

"Samahani bwana mifugo," kijana akasema huku anamshika shingo. "Hakujui."

Nikamwambia mwache, afanye kazi yake.

Yale magunia mawili, kilichokuwa kimebaki tulikichimbia shimo tukakifukia, mbali na kisima. Nikipita kwenye stoo nikakuta mahindi yenye ukungu, na mwenye shamba akaniuliza ayapeleke wapi, sisemi tena "wape mbwa". Na wewe usiseme. Kama unayo hayo magunia leo, nenda kayatoe kabla ya chakula cha jioni.

Kazi njema, na mlinzi wako ale vizuri.